Ukuta wa Kina Kucera

Jumatatu, 11 Agosti

Mazoezi ya mpira wa Kimarekani ya timu ya shule yameanza saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Umande hadi ndani ya soksi. Vijana thelathini na mmoja wamefika, na kati yao wa ukuta ni wanane tu. Wanane! Mwaka jana walikuwa kumi na mmoja.

Hata hivyo nimefurahi kama mjinga. Watu wa mji huu wanadhani timu ni mrushaji, kwa kuwa ndiye anayepigwa picha gazetini. Mrushaji asiyekingwa na watu watano wanene mbele yake ni kijana aliyelala chali tu, anatazama mawingu ya Nebraska. Hao watano ndio ukuta, na nimewaandaa mimi miaka ishirini na miwili, kwa kujitolea, katikati ya kazi za bucha. Sijakosa mechi hata moja.

Baada ya mazoezi, habari mbaya. Kocha Mkuu Ostrander ametuita mimi na Teigen. Huyu Teigen ni mwalimu mpya wa sayansi, ana miaka ishirini na sita, na kishikwambi chake hakimtoki kwapani. Ostrander akasema mwaka huu ana nafasi ya msaidizi mmoja tu wa ukuta. Keshokutwa mazoezi yatarekodiwa. Kila mmoja wetu ataitazama video peke yake, atampa kila kijana alama, atapendekeza watano wa kuanza. Atakayeona vizuri zaidi ndiye atakayesimama na ukuta uwanjani tarehe 29, tukifungua msimu dhidi ya timu ya Harlan Bend. Mwingine atakaa jukwaani.

Jukwaani! Na akina mama wenye mito ya kukalia!

Jumanne, 12 Agosti

Njia yangu ya kupima ukuta ni rahisi na haihitaji umeme. Namtazama kijana, namkumbuka baba yake. Pavelka: baba alikuwa mzito mguu wa kushoto, basi na mtoto asiwekwe kushoto. Dvorak: ukoo mzima huchoka baada ya mapumziko. Nimemweleza Teigen hayo kwa upole. Akaniuliza kama nimewahi kuwapima muda wa kukimbia. Nikamwambia nimewapima tangu ubatizo.

Sasa kuna suala la mtu wa kati. Huyo ndiye nguzo. Anainama, anaurudisha mpira kwa mrushaji kupitia katikati ya miguu yake, na kabla hajainua kichwa kuna mtu wa kilo mia moja na ishirini kifuani. Mwaka 1979 mtu wa kati nilikuwa mimi. Mwaka 2002 alikuwa mwanangu Greg. Mwaka huu ni zamu ya Trent, mjukuu wangu. Vizazi vitatu. Nimeshapanga mahali pa picha yake ukutani, juu ya mashine ya kusagia nyama.

Anayeigombea nafasi hiyo ni Isaac Novotny. Novotny! Babu yake, Frank, alisimama kulia kwangu fainali ya wilaya, 1979. Dakika ya mwisho akamwachia mtu wake apite. Nilipogeuka, mrushaji wetu alikuwa chini na mpira uko mikononi mwa wengine. Tulifungwa kwa pointi tatu. Kila Jumamosi Frank huja buchani kwangu, hununua soseji, huzungumzia mvua. Miaka arobaini na sita, hajasema samahani. Nampimia uzito sawasawa, Mungu ni shahidi, lakini simchagulii zile nzuri.

Leo Trent ameurusha mpira juu ya kichwa cha mrushaji mara nne. Nilisema ni upepo. Marlys, mke wangu, aliyekuja kuniletea miwani, akasema bendera ya shule ilikuwa imelala kama taulo.

Nina wazo. Mwezi huu wa Agosti vijana wote huvaa fulana nyeupe zisizo na namba. Kinachowatofautisha ni kipande cha utepe kwenye paji la helmeti, kimeandikwa jina la ukoo kwa kalamu nene. Video hupigwa kutoka juu ya mnara, mwisho wa uwanja, na nyuso zimejificha ndani ya vyuma. Trent na Isaac wana urefu mmoja, unene mmoja, hata miguu imepinda namna moja. Anayetazama video hasomi sura. Anasoma utepe.

Jumatano, 13 Agosti

Nimefanya!

Ufunguo wa chumba cha kubadilishia ninao, kwa kuwa mimi ndiye mleta barafu. Saa kumi na moja na nusu nilikuwa ndani. Nikabandua utepe wa KUCERA, nikauweka kwenye helmeti ya Isaac. Wa NOVOTNY nikauweka kwa Trent. Kila mtoto atachukua helmeti yake kutoka kabati lake, maana imepimwa kwa kichwa chake. Nani asome jina lake mwenyewe alfajiri, macho hayajafunguka? Isaac atacheza vizuri, na sifa ataandikiwa Kucera. Teigen atatoa alama za juu kwa mkono wake mwenyewe, na mimi nitakubaliana naye kwa unyenyekevu.

Sikuweza kubaki kutazama. Mkaguzi wa nyama alikuwa anakuja buchani. Nikamwaga barafu ndooni, nikaondoka nikipiga mluzi wimbo wa kanisani. Mkaguzi amenisifu kwa usafi.

Alhamisi, 14 Agosti

Nimeitazama video kwenye meza ya jikoni, huku Marlys akimenya pichi za kuhifadhi. Nimeirudia mara tatu.

Kwanza nilimtafuta aliyevaa utepe wa NOVOTNY, yaani Trent wangu. Nilitarajia kumhurumia. Jamani! Kijana anashuka chini kama kabati linavyoteremshwa ngazi, polepole, bila kuyumba. Mpira unafika mikononi mwa mrushaji kila mara, palepale kifuani. Kisha ile hatua ya kwanza, fupi, ya pembeni. Hiyo ni hatua yangu! Na viuno ni vya baba yangu, alipokuwa akisukuma gari la nyasi lililokwama. Nililia. Sioni haya kuandika kwamba nililia, pichi zikiwa shahidi.

Halafu nikamtazama mwenye utepe wa KUCERA, yaani Isaac. Yale yale ya babu yake. Anausubiri mpira kwa woga. Mara mbili ameurusha hewani. Mabega yameinama hata kabla hajagongwa. Niliandika daftarini: *Novotny ni Novotny, hata umvishe jina gani.*

Marlys akapita nyuma yangu na sufuria. Akasimama. Akauliza kwa nini Trent ameinamisha mabega hivyo, au anaumwa. Nikauliza yupi. Akaonyesha mwenye utepe wa KUCERA. Nikamjibu kwamba, kwa sababu nisizoweza kueleza, huyo ni Novotny.

Akasema, "Leonard, mimi nimemwogesha mtoto huyo."

Nikamwambia kumwogesha mtu ni jambo moja, kumpima kwa ukuta ni jingine. Akarudi kwenye pichi zake.

Hapo ndipo nilipoona nilichofanya. Ikiwa mjukuu wangu amecheza kama malaika akiwa na jina la Novotny, basi Teigen sasa hivi anamwandikia alama za malaika Novotny! Na Kucera anaandikiwa sifuri! Nimemwibia Trent kwa mkono wangu mwenyewe. Nimekaa nikifikiri mpaka Marlys akaniambia kahawa imepoa.

Hakuna njia nyingine. Nimejaza karatasi ya alama kwa uaminifu mtupu, kama ilivyo kwenye video. Mwenye utepe wa NOVOTNY: tisa na nusu kwa kumi. Mwenye utepe wa KUCERA: nne. Kesho nitakwenda kwa Ostrander, nitakiri kila kitu, na Trent atapata haki yake. Watanisema. Waseme! Mtu hujitoa kwa ajili ya damu yake.

Ijumaa, 15 Agosti

Siku mbaya kuliko fainali ya 1979.

Nimekiri. Ofisini kwa Ostrander, nimesimama, kofia mkononi, Teigen akiwa pembeni. Nikasema nilibadilisha tepe, mimi, Leonard Kucera, na kwa hiyo yule kijana bora wa kwenye video ni mjukuu wangu. Nikaweka karatasi mezani. Nadhani nililiweka jambo vizuri. Sauti ilinikwama mahali panapostahili.

Ostrander akaisoma karatasi. Akamtuma Teigen awaite Trent na Isaac.

Walipoulizwa, Isaac akaanza kucheka, halafu akaona uso wa Trent, akaacha. Trent akasema ndiyo, Jumatano walikuta tepe zimebadilishwa. Wakadhani ni utani wa wenzao. Wakazibandua, kila mmoja akabandika wake, wakatoka uwanjani. "Ilikuwa kabla hatujafunga hata kamba za viatu, Kocha."

Kwa hiyo NOVOTNY alikuwa Novotny.

Teigen akaweka karatasi yake kando ya yangu. Novotny, tisa. Kucera, tano. Alimpa Trent alama moja zaidi kuliko mimi! Watano wetu wa kuanza wanafanana wote, ila mimi nilimwacha Trent nje kabisa (nilidhani ni Isaac), na Teigen amemweka upande wa kulia. Ostrander akasema, kwa ile sauti yake ya kuzika watu, kwamba katika miaka ishirini na miwili hii ndiyo mara yangu ya kwanza kupima vijana bila kuwajua baba zao, na kwamba nimepima vizuri sana. Akaomba ufunguo wa chumba cha kubadilishia. Akasema barafu italetwa na mtu mwingine.

Trent alinifuata hadi kwenye pikapu. Nilidhani atanifariji. Alisimama upande wa dirisha, anakwangua rangi ya mlango kwa kucha.

"Babu, mimi sitaki kuwa wa kati," akasema. "Nikishika ule mpira nasikia nyote mmenipanda mgongoni. Wewe, baba, mpaka ile picha ambayo haijapigwa."

Nikauliza kwa nini hakusema.

"Nilisema Pasaka. Ukasema ni njaa."

Kisha akasema Teigen alimuuliza anapenda kucheza wapi, akajibu kulia, basi. Hakukuwa na hasira sautini mwake. Ingekuwa nafuu kama angekuwa na hasira. Akarudi ndani, mabega yameinama. Nikayatazama mabega yale mpaka mlango ukafungwa, na nikayajua, kwa kweli nikayajua. Jana nimeyatazama mara tatu na kuyaita ya mtu mwingine.

Nilikaa kwenye pikapu muda mrefu. Nyuma kulikuwa na mbavu za nguruwe za wateja, zikipata joto. Najiona mtu mdogo. Sikumtambua mtoto wa mtoto wangu kwa sababu alikuwa anacheza vibaya.

Ijumaa, 29 Agosti

Harlan Bend. Nimekaa jukwaani. Mstari wa tano, ubao una msumari.

Nani akaja kukaa kando yangu na mto wake chini ya mkono? Frank Novotny. Hakuuliza kama nafasi ina mtu. Tukazungumzia mvua.

Robo ya pili, tukiwa nyuma kwa pointi nne, Frank akasema, macho yake yakiwa uwanjani, kwamba kuna jambo amelikalia tangu 1979. Nikamwambia alitoe. Niliinua kidevu kuipokea samahani yangu.

"Ule mchezo wa mwisho," akasema. "Mtu wako wewe alishakupita, Leonard. Nikamwacha wangu nikageuka kukusaidia. Sikumwahi yeyote kati yao."

Nikamuuliza kwa nini hajawahi kusema, miaka yote hiyo.

"Soseji zako nazipenda," akasema. "Ungenifukuza."

Kumbukumbu za wazee hizo! Sikubishana naye, kwa heshima ya umri, ingawa tumezaliwa mwaka mmoja.

Zikiwa zimebaki dakika mbili mechi iishe, Isaac akainama. Kulia kwake Trent. Mpira ukaenda nyuma safi, wakaondoka wawili hao pamoja kama mlango mmoja, wakawalaza watu watatu wa Harlan Bend, na katikati yao pakabaki njia ambayo hata mimi na magoti yangu ningepita. Mkimbiaji wetu hakuguswa hadi mstari wa mwisho. Tumeshinda! Nilipiga kelele mpaka meno ya bandia yakalegea. Frank alinikumbatia, au nilimkumbatia, sikumbuki nani alianza.

Trent akavua helmeti, akatafuta jukwaani kwa macho, akanipata. Akainua kidole kimoja. Mabega yake yalikuwa juu. Chini pale, kando ya mstari, Teigen alikuwa anafuta machozi kwa kishikwambi.

Nimefurahi kuliko nilivyostahili. Nimemwambia Marlys hivyo njiani, akanishika mkono hadi nyumbani.

Jumamosi, 30 Agosti

Sikulala vizuri kwa kufikiri, na asubuhi nikiwa nakata nyama, jibu limenijia lote kwa mpigo.

Macho yangu yaliona viuno vya baba yangu. Yaliona hatua yangu. Macho ya miaka ishirini na miwili hayawezi kukosea. Kwa hiyo Isaac Novotny ni Kucera!

Ni wazi ukishafikiri. Bibi yake Frank alitoka Moravia, kule Ulaya, kijiji hichohicho cha kwetu, meli ileile. Watu walikuwa wachache, majira ya baridi marefu. Vitabu vya ubatizo viko parokiani. Nikipata humo Kucera mmoja tu kati ya mababu zao, basi mtu wa kati mwaka huu ni Kucera, mahali pa picha palipo juu ya mashine patatumika, na Ostrander itabidi anirudishe, maana nitakuwa nilipima damu sawasawa tangu mwanzo.

Frank amekuja saa nne, kama kawaida. Nimemchagulia soseji nzuri kabisa, zile za nyuma. Amezitazama, akanitazama, akauliza kama naumwa. Nimemwambia kati ya ndugu hakuna shida.

Marlys ameuliza, ikiwa macho yangu hayakosei, ilikuwaje nisimtambue Trent. Nimemweleza kwamba mnara ulikuwa upande mbaya wa jua.

Parokia hufunguliwa Jumatatu saa tatu. Nitakuwa mlangoni saa mbili na nusu na paja la nguruwe la kumpa katibu, kabla Teigen hajalifikiria wazo hili.