Nyuki wa Mfalme Kilderiki

Sostenes alikuwa anakunywa chai mgahawani karibu na stendi ya Ngara. Televisheni ilikuwa inaeleza habari za Kilderiki, mfalme wa Wafranki aliyezikwa zaidi ya miaka elfu moja na mia tano iliyopita. Kaburi lake lilipofukuliwa, walikutwa nyuki wa dhahabu zaidi ya mia tatu. Baadaye wezi wakawaiba. Leo wamebaki wawili tu, na watu wanasafiri mbali kwenda kuwatazama nyuma ya kioo.

Wenzake waliona historia. Sostenes aliona mtaji.

Wiki haikuisha, akawa na nyuki wake wa shaba, amesuguliwa mpaka anang'aa. Akapanda pikipiki hadi Nyantakara kwa Mama Rozalia, mjane mnunuzi wa maharage, ambaye tamaa yake ilijulikana wilaya mbili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe huji bure. Umeleta nini?"

Akafungua leso taratibu, kama padri mbele ya tabenakulo. Akasimulia jinsi mmisionari mmoja Mbelgiji alivyomwachia babu yake hazina ile kabla ya kufa. Alipofika kwenye maziko ya mfalme, sauti ilimkatika. Hata yeye alikuwa ameshaanza kuamini.

Rozalia akamgeuzageuza nyuki yule, akaguna. "Mwepesi. Wangu mzito."

"Wako?"

Akaingia chumbani, akatoka na nyuki mweusi kwa uzee, amevingirishwa kitambaa cha altare. "Marehemu mume wangu aliwapikia mapadri miaka mingi. Mimi nilidhani ni kifungo cha joho."

Sostenes akamsogelea nyuki yule. Nyuki wake mwenyewe alijua alikotoka. Lakini huyu!

"Mama, kitu hiki ni hatari kwa mjane. Nipe nikutunzie."

"Nikupe hivihivi, mwanangu? Na mimi nahangaika na usafiri…"

Muda si mrefu Sostenes alikuwa amekabidhi pikipiki, kadi yake na kofia ngumu, akaondoka kwa miguu akimhurumia mama wa watu kwa ujinga wake.

Sonara wa Biharamulo mjini alimkwangua nyuki mara moja tu. "Risasi ya betri ya gari. Imepakwa masizi."

Sostenes akapiga simu. "Mama, umenitapeli! Naenda polisi!"

"Nenda, baba. Ila jipange, watakuuliza ulikuja kwangu kuuza nini. Kile kipindi kilirudiwa Jumapili. Hata huku tuna televisheni."

Sostenes akatazama barabara. Jua lilikuwa kali, na Ngara ilikuwa mbali.

"Mama," akasema kwa adabu zote, "hutapita huku Biharamulo, unipakie?"

"Nitapita. Nauli unayo?"