Goti Langu na Jezi Namba Kumi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Nimeamka kwa awamu. Kwanza shingo, halafu kiuno, mwisho mimi mwenyewe. Jana tulicheza na maveterani wa Majengo. Tulifungwa. Si kosa langu. Mpira ulikuwa unakuja upande ambao sikuwepo.

Mchana Prodige, katibu wa timu yetu ya maveterani wa Katoyi, ameingia dukani kwangu kununua misumari. Akaangalia nyuma, akaangalia nje, akaninong'oneza: Jumapili ijayo baada ya mechi kuna mkutano. Jambo ni moja tu, jezi namba kumi. Na aliyelileta jambo hilo ni Papa Wenceslas.

Wenceslas! Muuza mbao kutoka Butembo, aliyejiunga nasi juzi tu! Anacheza winga. Anakimbia hata mpira ukiwa umetoka nje. Mtu mzima, baba wa maharusi, anakimbilia nini?

Namba kumi ni yangu tangu timu ianze. Nina miaka hamsini na sita, lakini hiyo ni ya kwenye karatasi. Miguuni nina arobaini. Goti la kushoto lina sabini, ila hilo silihesabu.

Ernestine, mke wangu, anasema nimwachie Wenceslas hiyo namba nipumzike. Ernestine ni wa Beni, jirani na Butembo ya Wenceslas. Watu wa kule hawaachani.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimepata! Akili ni mali!

Timu yetu ina sheria moja ambayo hata walevi wetu wanaiheshimu: jezi ya mgonjwa haiguswi. Mchezaji akiumia, jezi yake inafuliwa, inapelekwa nyumbani kwake, inalala huko mpaka apone. Haivaliwi na mwingine. Haijadiliwi hata mkutanoni. Sheria hii ilikuja baada ya kipa wetu, Munguakonkwa, kuvunjika mkono, akarudi akakuta mtu mwingine ndani ya jezi yake. Alimkimbiza kutoka uwanjani mpaka Murara. Tangu siku hiyo hatuchezi na jambo hilo.

Kwa hiyo kabla ya Jumapili lazima niumie. Bila kuumia.

Asubuhi hii nimeanguka mbele ya duka, penye watu wengi. Nilifikiria ganda la ndizi, nikaona huo ni uongo wa watoto. Nikachagua jiwe. Goma yote ni mawe ya volkano, nani ataniuliza jiwe limetoka wapi? Nimelia vizuri sana, nikishika goti. Kumbe mama muuza mkaa alikuwa ameinama na wengine walikuwa wakitazama pikipiki mbili zilizogongana. Hakuna aliyeniona. Ikabidi nisimame, nisogee, nianguke upya.

Mara ya pili niliumia kidogo kiwiko. Sijamwambia mtu, kisije kikaharibu mpango.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Timu nzima imekuja kunipa pole. Sukari, mchele, sabuni, bidoni ya kasiksi, ile pombe ya ndizi. Prodige ameleta jezi yangu, imefuliwa na kukunjwa vizuri. Ameiweka kifuani pangu, wote wakavua kofia. Nilikaribia kujililia mwenyewe.

Ushindi! Nilimtazama Wenceslas nione uchungu wake. Yule mnafiki amefanya uso wa huruma. Halafu akasema hakuja mikono mitupu, akamwita ndani Mama Mukagasana, yule mwenye kukanda mifupa. Mikono yake mipana kama koleo. Akapaka siagi ya ng'ombe, akashika goti langu, akalipeleka mahali ambapo goti halijawahi kwenda. Nilipiga kelele mpaka jirani akazima redio.

Alipomaliza akatangaza mbele ya wote: "Papa, hii goti iko muzima kuliko yangu."

Ernestine naye, badala ya kumsitiri mumewe, akauliza mbona asubuhi nilikuwa nachechemea mguu wa kushoto na sasa nimekandwa wa kulia. Nikajibu kwamba maumivu ya michezo yanatembea. Munguakonkwa akakubali, akasema hata yake yalianzia mkononi yakaishia kwenye jino. Mungu ambariki yule kipa. Hajawahi kuokoa mpira vizuri hivyo.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Kitandani. Kuumwa ni kazi ngumu ukiwa mzima. Siwezi kwenda dukani, siwezi kwenda msalani bila kusindikizwa.

Nitaandika ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Naogopa. Wiki nzima mimi ni Papa Balagizi wa misumari. Watu wananiita ili niwapunguzie bei. Jumapili asubuhi tu, kwenye ule uwanja mweusi wa kukwaruza magoti, mtu anapaza sauti, "Dix! Dix!" yaani kumi kwa Kifaransa, nami nageuka. Wakimpa Wenceslas namba hiyo, mtu akiita atageuka Wenceslas. Mimi nitakaa pembeni na wale wazee wanaolinda viatu vya wenzao. Sitaki kulinda viatu.

Jioni Ernestine ameleta habari: Wenceslas amekwenda kwa Mama Héritière, kiongozi wa shirika letu pale parokiani, akaomba waje kuniombea kesho. Sasa anamtumia Mungu! Mtu huyu hana aibu.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Balaa.

Shirika limekuja, rozari mikononi, sebule imejaa mpaka mlangoni. Mimi kwenye godoro katikati, goti limefungwa kitambaa. Mama Héritière anaomba kwa sauti ya kusikika Gisenyi, ng'ambo ya mpaka. Wenceslas amepiga magoti karibu yangu, macho amefumba.

Mimi sikufumba. Ndiyo maana nilimwona kupitia dirishani. Mbuzi wa jirani! Yuko kwenye kamba ya nguo. Anatafuna jezi namba kumi, ambayo Ernestine aliifua tena kuitoa siagi!

Sikumbuki kusimama. Ernestine anasema niliruka juu ya Mama Héritière, nikatoka, nikaruka ukuta wa mawe, nikamkimbiza mbuzi hadi kwenye bomba la maji, nikamshika pembe, nikamtoa jezi mdomoni. Nilipogeuka, shirika zima lilikuwa nyuma yangu.

Vigelegele! Watu wakilia! Mama Héritière ameanguka magotini kwenye mawe, mikono juu. Nikajaribu kuchechemea tena kidogo. Wakasema ni unyenyekevu.

Nimepona. Mbele ya mashahidi. Na mtu aliyepona jezi yake inajadiliwa.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Mbuzi amekula mkono mmoja na sifuri yote. Imebaki moja peke yake mgongoni. Ernestine ameshona sifuri nyingine kwa kipande cha kitenge chenye picha za kuku. Nimemwambia haifanani. Amesema hata goti langu halikufanana.

Kesho lazima nicheze, na lazima nicheze vizuri kiasi cha kumfunga Wenceslas mdomo mkutanoni.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Misa ya kwanza nimeitwa mbele kutoa ushuhuda. Nilisema machache. Nikamtaja Mungu, nikamwacha mbuzi.

Saa mbili uwanjani, dhidi ya Murara. Mama wote wa shirika wamekuja kuangalia muujiza ukicheza mpira. Mwamuzi alinitazama mgongoni, akauliza kuku ni namba gani. Nikapuuza. Nikapata mpira wa kwanza. Mtu akaita, "Dix!" Moyo ukajaa, nikakimbia kama nilivyokimbia ujanani.

Pa! Paja la kushoto, nyuma. Kama mtu amenipiga jiwe. Nikaanguka.

Hakuna aliyeleta maji. Mama wakaanza kuimba. Mama Héritière akaniinamia: "Papa, simama! Mungu hafanyake kazi nusu!" Nikamwambia ninaumia kweli. Akasema huyo ni shetani ananijaribu. Prodige akaninyooshea mkono, akacheka, akauliza leo maumivu yametembea wapi.

Wenceslas ndiye aliyenitazama usoni. Akawaambia wote wanyamaze, "hapana, huyu muzee ameumia." Akamsimamisha mtu wa chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, akashusha magunia ya viazi, akanipandisha juu ya zile mbao, akanisukuma mwenyewe mpaka nyumbani. Kila jiwe la Katoyi nimelisikia pajani. Mkutano umeahirishwa.

Amenisukuma ili watu wamwone. Namjua.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Paja limevimba, lina rangi ya bilinganya. Nimelala kifudifudi, naandikia sakafuni.

Wenceslas amekuja peke yake. Amekaa kwenye kigoda, kofia magotini, akanieleza jambo lake la mkutano. Alitaka timu inipatie jezi mpya, kwa sababu ile ilikuwa inanibana tumbo na kunipandia, naye alikuwa anaona haya kwa ajili yangu. Namba hakuitaka hata siku moja. Alisema namba kumi wanasimama sana, yeye akisimama anapata baridi.

Akafungua mfuko. Jezi mpya, kumi mgongoni, juu yake wameandika DIX kwa herufi kubwa. Akanipa kwa mikono miwili: "Muzee, hii iko yako mpaka utakufa." Akaenda zake.

Nimelia. Ernestine aliona. Nimemwambia ni paja.

Baadaye nimeanza kufikiri. Mpaka utakufa! Kwa nini ataje kifo? Na jezi yenyewe ni kubwa, naingia mimi na mtu mwingine. Huyo mwingine ni nani? Wenceslas! Ameishonesha kwa kipimo chake! Anangoja tu siku nisiyoweza kuivaa.

Hanipati. Sasa naona kosa langu lilikuwa wapi: goti. Goti mtu analishika, analiombea, analiona linaruka ukuta. Mgongo ndio wenyewe. Nani ataona ndani ya mgongo?

Ee Mungu, niponye hili paja upesi, nianze kuumwa mgongo.