Boti ya Vitabu na Mgomo Wangu wa Petroli

Jumatatu, 12 Januari
"Injini ya Purushan haina ugonjwa. Mgonjwa ni mwenye injini." Hayo kayasema Varkey, mwenye boti mwenzangu, leo kwenye kibanda cha chai, mbele ya watu wazima waliomaliza shule. Uongo mtupu. Najibu.

Injini yangu ni kuukuu, sikatai. Huwashwa kwa petroli, na ikishapata moto hugeuziwa mafuta ya taa. Ndivyo zilivyo zote humu ziwani. Lakini tangu petroli ipande bei nimeigomea, na mgomo ni mgomo. Naruhusu kifuniko kimoja cha chupa cha kuiamshia, kisha mafuta ya taa papo hapo. Kifuniko si kusalimu amri. Ni mbinu.

Leo mferejini imekwenda vizuri. Nje ziwani, nilipozungusha mkono wa kuongezea mafuta mpaka mwisho, ikakohoa, ikatoa moshi mweupe, ikanyong'onyea. Bata wa Thankappan wamenipita. Mchungaji wao akanipungia mkono kwa heshima, na hilo ndilo lililoniuma.

Jumanne, 13 Januari
Mwalimu Omana, mwenyekiti wa maktaba yetu, kaniita. Jumapili yeye mwenyewe atapanda boti yangu, pamoja na sanduku la vitabu, hadi kisiwani. Nikimfikisha na kumrudisha bila kisa, kazi ya kupeleka vitabu inabaki yangu. Nikishindwa, anapewa Varkey. Malipo yenyewe ni chai. Lakini kisiwani kuna wasomaji ambao kila Jumapili hunisikiliza, na hawana boti ya kunikimbia.

Nimechunguza. Chanzo: magugu maji. Nimeyang'oa kwenye rafadha na kwenye tundu la kunyonyea maji ya kupozea. Maji yanatoka vizuri. Nguvu hakuna.

Sarasamma, mke wangu, akasema toka mlangoni, "Baba Rekha, ipe petroli mpaka ipate moto. Hata mbuzi huyu anajua." Nikamweleza historia ya ukiritimba wa mafuta tangu mwanzo wake. Alipoondoka, mbuzi alibaki.

Alhamisi, 15 Januari
Plagi nyeusi kama sufuria ya kuni. Nimezisugua kwa mswaki. Wa nani, siandiki. Boti ikakimbia hadi ghala la nazi, ikachoka tena. Plagi zikawa nyeusi vilevile.

Basi ni hujuma. Mafuta yametiwa maji. Nikayachuja kwa kitambaa, nikayatuliza kwenye chupa ya kioo. Hakuna hata tone la maji chini. Hujuma ya kitaalamu sana.

Nikaenda kumkabili mwenye duka la mgawo wa serikali, anayetuuzia mafuta ya taa. Akaniambia, "Kaka Purushan, mafuta haya haya anachukua Varkey, na yeye anapaa. Nikuwekee na mbawa?" Foleni nzima ikacheka. Nawajua wote kwa majina.

Jumamosi, 17 Januari
Nimepata jibu, nikiwa naoga. Uzito. Injini ni nzima, inaonewa tu. Nimefungua sanduku la maktaba na kutoa vitabu vyote vya wapinzani wangu, yaani waandishi wanaopinga hoja zangu, pamoja na kile kinene ambacho mwandishi anatumia kurasa mia saba kutothibitisha chochote. Sanduku limekuwa jepesi, na la kweli zaidi.

Jumapili, 18 Januari
Asubuhi nimemkuta Sarasamma ndani ya boti. Injini inanguruma, harufu ya petroli imetanda gati zima. Akasema ameipasha moto kwa petroli, sasa kaigeuzia mafuta ya taa, nipande na nisiongee. Nikaeleza pingamizi langu kwa ufupi, nikapanda.

Boti iliruka. Mwalimu Omana alishika miwani kwa mikono miwili. Tukampita Varkey. Sanduku jepesi, nilijua.

Kisiwani nilihutubia mpaka injini ikapoa kabisa. Wakati wa kurudi nikaiwasha kwa kifuniko changu, mafuta ya taa papo hapo. Katikati ya ziwa ikakohoa, ikafuka moshi, ikazima. Mwalimu Omana akauliza kwa upole, "Purushan, kifuniko kile kile?" Nikamjibu kwamba swali lake limeegemea upande mmoja.

Varkey akatufunga kamba na kutuvuta. Njia nzima akaniuliza kama wagomaji siku hizi huvutwa bure. Tulipofika gatini kazi ilikwishakuwa yake. Mwalimu Omana aliniambia pole, na alimaanisha.

Sina hasira. Nimekaa, nimelifungua sanduku kwa utulivu. Wasomaji wa kisiwani walirudisha leo vitabu walivyoazima, na vinne kati yake ni vya wapinzani wangu. Wakati wa kwenda havikuwamo, tukaruka. Wakati wa kurudi vimo, tukazimika. Mwenye akili anahitaji ushahidi gani tena?

Wanachama wa maktaba, hasa nyinyi mliokuwa mkicheka gatini: batilisheni uamuzi huu kesho, nirudishieni kazi yangu. Na kabla ya kupiga kura, leteni mizani mpime vitabu vile.