Milioni Moja na Moja

Jumatatu, 4 Machi
Kiti cha mkuu wa idara ya hesabu kiko wazi! Mwalimu Mkuu atamtangaza mtu Ijumaa. Tuko wawili tu: mimi na mwalimu mwenzangu Miwani, yule anayepiga mistari ya kosa kwa rula. Yeye ana miaka mingi kazini. Mimi nina akili. Nimemwambia mke wangu nitavumbua namba tasa kubwa, isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Kauliza itatusaidia nini hapa nyumbani.

Jumanne, 5 Machi
Nimeipata. 1,000,001! Moja huku, moja kule, katikati sifuri tupu. Isome kutoka nyuma, ni ileile. Namba yenye sura hii igawanyike vipi? Hata hivyo nimeijaribu, mimi si mhuni. Kwa mbili, tatu, tano, saba, nikapanda tasa moja moja hadi tisini na saba. Kila mara kuna baki. Mkono umekufa ganzi. Kanuni inataka nifike karibu na elfu. Elfu! Walioitunga hawakuwa na watoto wa kuogesha. Nimeishia hapo.

Jumatano, 6 Machi
Fundi rangi kaiandika ukutani, nje ya chumba cha hesabu, kwa rangi nyekundu: NAMBA TASA YETU. Miwani kasimama kuitazama, kisha kaniuliza kama nimeikagua hadi mwisho. Nimemjibu wivu ni kidonda, ukiushiriki utakonda. Akaenda zake na kipande cha chaki. Mama mkwe keshapigiwa simu. Anauliza kama kiti chenyewe kinazunguka.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeumbuka! Asubuhi mstarini, Miwani kaomba ubao. Kaandika 101 mara 9,901. Kazidisha polepole, mshenzi yule, na jibu likawa namba yangu. Mia moja na moja! Ndiyo tasa inayofuata baada ya tisini na saba! Ningegawanya mara moja tu zaidi! Shule nzima imecheka, hata wale wasiojua kugawanya kwa mbili. Mwalimu Mkuu kaagiza ukuta usafishwe, kesho ana wageni. Mke wangu kasema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Naona aibu, tena aibu ya kweli.

Ijumaa, 8 Machi
Kiti kapewa Miwani. Kanipa mkono, kanishauri kwa upole nijifunze kutokana na kosa langu. Nimeshajifunza: namba ilikuwa ndogo mno. Fundi rangi alipofika na ndoo ya chokaa nilimzuia. Nikamwomba afute ile moja ya mwisho, aweke sifuri, kisha moja tena. 10,000,001! Nani ataigawanya hiyo? Nimeijaribu kwa mbili, tatu, tano na saba, zote zimegonga mwamba. Kwa kumi na moja sikuwahi. Fundi alikuwa keshachovya brashi.