Mbuzi Wangu Wamehamia Kwenye Sola Zenu

Rai Chengo,
Nyuma ya mnada wa mifugo,
Samburu, Kinango.

Kwa Mhandisi Hadiya,
Msimamizi wa Shamba la Sola.

Mheshimiwa Mhandisi,

KUH: KUREJESHEWA MBUZI WANGU, MKE WANGU NA KAZI YANGU

Salaam nyingi, na natumai barua hii itakukuta u mzima, wewe na vioo vyako. Mimi ni mfugaji, jirani yako wa upande wa mnada. Nyumba yangu ni ile ambayo nyaya zenu za umeme zinapita juu yake bila kusimama. Nina malalamiko, nami nitayataja kwa mpango ili yasikuchoshe.

1. Mbuzi. Kabla hamjaja, kila alfajiri mimi nilitangulia na mbuzi wakanifuata. Nilijua bonde lipi limebaki na majani na kisima kipi kina maji ya kunyweka. Mwaka wa ule ukame mkubwa niliwapeleka mbali sana, na usiku nililala katikati yao ili fisi akija aanze na mimi. Kisha mkaja ninyi. Mnaviosha vioo vyenu, maji yanadondoka chini, majani yanaota, na juu ya majani kuna kivuli. Mkatuita mkutanoni mkasema mbuzi wa kijiji waruhusiwe kuingia, wayale yale majani yasije yakavifunika vioo. Sikatai, nilifurahi. Nilipiga makofi kuliko wote.

Sikujua napigia nini. Haukupita muda, mbuzi wakawa wanatoka zizini wenyewe, wananipita mlangoni, wanaelekea kwenu kwa mstari kama watu wanaowahi zamu. Jioni nikiwapigia mluzi, beberu wangu Waziri huinua kichwa akanitazama kama mtu mliyekutana msibani akalisahau jina lako. Halafu anaendelea kula.

2. Hadhi yangu nyumbani. Mke wangu Biasha hakuwa amezoea kuniona asubuhi jua limeshapanda. Mara ya kwanza aliniuliza kama naumwa. Kesho yake alinipa ufagio. Sasa napukuchua mahindi, nachota maji, na muhogo naumenya vizuri kuliko binti yetu Dama. Hayo ningeyavumilia. Lakini siku moja nilikuwa nimeinamia sufuria, Biasha akasimama mlangoni akasema, "Baba Dama, naomba nikuulize. Miaka yote ile huko porini, ulikuwa ukifanya nini?"

"Nilikuwa nikichunga," nikamjibu.

"Mbona mbuzi wanajichunga?"

Mheshimiwa, niliendelea kuisugua sufuria ambayo ilikuwa imeshatakata.

3. Mke wangu. Baada ya hapo mkatangaza kazi ya kuosha vioo, mkamchukua Biasha. Sasa anaondoka asubuhi, na mbuzi wanamfuata yeye. Akirudi jioni ndiye anayenisimulia habari zao: nani amenenepa, nani anachechemea, nani ana mimba. Nami nakaa namuuliza maswali kama mgeni.

Ndipo nilipochukua hatua. Nilimfunga Waziri kwa kamba kwenye nguzo ya zizi, nikijua kwamba wenzake hawaendi bila yeye. Waziri akagoma kula. Biasha akagoma kupika. Tuliendelea hivyo hadi alfajiri moja nikakuta kamba imetafunwa na zizi ni tupu. Niliwafuata mbio mpaka langoni kwenu, mguu mmoja una kiatu na mwingine hauna. Mlinzi wenu Idris, yule kijana wa Vanga, alinipokea kwa heshima zote. Akasema, "Shikamoo, Mzee Rai. Ingia tu. Wenzako wote wameshafika."

Hakusema kwa ubaya, kwa hiyo naomba asiadhibiwe. Lakini niliumia, na siku ile niliamua kuandika.

4. Jua lenyewe. Idris amenieleza kwamba umeme unaotoka hapa unaingia kwenye nyaya unakwenda zake, na mwingine unafika hadi kwenye hoteli za Diani. Huko wamo wageni waliosafiri kutoka mbali sana kulifuata jua. Wakilala, chumba chao kinatiwa baridi kwa umeme huu. Wakisikia baridi, wanatoka nje kuota jua. Kwa hiyo ninyi mnalichukua jua la Samburu, mnalipeleka pwani likawatie baridi watu waliolifuata jua, nasi tulio chini ya nyaya tunawasha koroboi. Dama anasoma kwa koroboi hiyo, na asubuhi anakwenda shule pua zake nyeusi kwa masizi. Sisemi jua limepungua. Nimelitazama, lipo. Nauliza tu ni kwa nini likivuka juu ya paa langu haliwezi kushuka kidogo.

5. Maombi yangu. Naomba mvifunike vioo kila Ijumaa, ili mbuzi wapigwe na jua kama zamani wapate kunikumbuka. Hilo likishindikana, naomba mvioshe kwa kitambaa kikavu, majani yafe taratibu bila kumwonea mtu. Hilo nalo likishindikana, uhamisheni mtambo wote Lunga Lunga, kule mpakani, ambako watu wamezoea kuona vitu vikipita bila kusimama. Na yote yakishindikana, niajirini mimi niwachunge mbuzi ambao tayari wanajichunga. Kazi hiyo nina uzoefu nayo wa miaka mingi, kama Biasha atakavyothibitisha.

Nisalimie wafanyakazi wote wa ofisini, Idris pale langoni, mafundi wanaopanda nguzo, na wazazi wako huko waliko. Mwambie Biasha mchana nimepika.

Ni mimi jirani yako, ninayelalamika kwa heshima,

Rai Chengo.

Nyongeza: Nilikuwa naileta barua hii mwenyewe, Biasha akanipokea langoni akaniambia nifanye haraka, mbuzi wetu mmoja mweusi anazaa. Amezaa mapacha chini ya vioo vyenu, mstari wa mwisho. Mwaka wa ule ukame nilimzika kila mwanambuzi aliyezaliwa, na jambo hilo sikumsimulia mtu. Hawa wa leo wamesimama kabla sijapata pa kukaa, na mmoja amekinyonya kidole changu akidhani kina kitu. Nimeshinda nao pale kivulini mpaka jioni. Biasha alileta chai, tukanywa.

Basi tafadhali msifunike kioo hata kimoja, na maji ongezeni. Barua hii nilimpa Waziri aile, kwa kuwa zamani hakuiacha karatasi ipite. Ameinusa akageuza uso. Siku hizi anachagua chakula. Ndiyo sababu imekufikia. Nakuomba usiisome, isipokuwa namba 4. Hiyo isome mara mbili.