Nyonga Mpya, Kochi Langu

Jumatatu, 3 Machi
Wiki ya tatu tangu nibadilishiwe nyonga. Muuguzi kaja na futi, kapima kochi langu, kasema ni fupi mno. Magoti yasizidi nyonga kwa kimo. Nikalie kiti cha mezani. Shemeji, kaka wa mke wangu aliyekuja eti kunisaidia, kajitupa kwenye kochi kabla futi haijakunjwa. Ataondoka nikiruhusiwa kuacha fremu hii ya kutembelea na kutumia mkongojo. Muuguzi ataamua Ijumaa. Mbali mno!

Jumanne, 4 Machi
Karatasi imebandikwa ukutani: mazoezi mara tatu kwa siku, kila nikimaliza niweke alama ya vema. Nimeweka zote hadi Jumapili. Kufikia saa tatu asubuhi nilikuwa nimemaliza kazi ya wiki nzima.

Jumatano, 5 Machi
Muuguzi kaniuliza mazoezi ya Jumamosi yalikuwaje. Nikajibu yalinitoa jasho kidogo. Mke wangu kakimbilia jikoni kucheka. Sasa msimamizi wangu ni shemeji. Ananihesabia akiwa amejinyoosha kwenye kochi langu, na nane huihesabu mara mbili.

Alhamisi, 6 Machi
Shemeji huoga nusu saa nzima. Nikajikokota na fremu hadi kwa jirani anakojenga, nikamleta fundi mwashi, akainua kochi kwa matofali manne. Kimo halali kabisa! Kabla sijageuza fremu nikae, shemeji katoka bafuni, kaniwahi. Kasema mgongo wake haujapata raha hivi tangu azaliwe. Kanishukuru kwa kumjali. Roho iliniuma kuliko nyonga.

Ijumaa, 7 Machi
Mpango: nilie maumivu, muuguzi anionee huruma, aamuru nirudishiwe kochi. Alipogusa mlango tu nikaanza kuugulia. Nimeugulia vizuri sana. Akasikitika, akaniongezea wiki mbili za fremu, akamsihi shemeji asiniache peke yangu. Ndipo nikaona mkongojo mpya mkononi mwa muuguzi. Kumbe jana aliniona njiani nikienda kwa jirani, akafurahi, akaja leo kunikabidhi na kumruhusu shemeji afunge mizigo. Muuguzi kaondoka na mkongojo wake. Shemeji kaniambia nisijali, atakaa hata mwezi.

Nimekaa kwenye kiti cha mezani, nimetafakari kwa kina nilipokosea. Nimepaona. Maumivu hayana nguvu. Kesho najaribu homa.