Yodeli Ilizaliwa Upare

Jumapili, 6 Septemba 2015
Al Garhoud, huku ughaibuni jangwani, mlangoni mwa hoteli, upande wa nje. Joto la kuivisha chapati juu ya boneti. Mimi, Wilbard Mmbaga, nafungulia watu. Kila mlango ukifunguka napata pumzi moja ya kiyoyozi, kisha khalas. Leo Madam Harriet, bosi wa sherehe, katangaza wiki ya vyakula vya Uswisi. Anatafuta mfanyakazi wa kuimba yodeli mgahawani. Atakayeweza atahamia ndani moja kwa moja. Ndani! Nimenyoosha mkono kabla hajamaliza. Yodeli ni kitu gani, nitaulizia.

Jumatatu, 7 Septemba
Nimemuuliza Awadh wa mapokezi, kijana wa Mombasa anayejua kila kitu na kukuonea huruma wewe usiyejua. Kasoma kwenye simu: ni kuimba bila maneno, sauti ikiruka kutoka kifuani hadi kichwani na kurudi. Wachungaji wa milima ya Alps waliitana hivyo, na kuita ng'ombe, bonde hadi bonde. Ala! Babu yangu aliita mbuzi hivyo hivyo mlimani Shengena, na Mswisi hakumjua. Nimemtangazia Awadh kwamba yodeli asili yake Upare. Kasema hata watu wa misitu ya Kongo wanayo tangu enzi, niache kujimilikisha. Nimemjibu Wakongo walipitia Upare. Mpare hashindwi kesi.

Jumatano, 9 Septemba
Mazoezi, ngazi za dharura. Kifuani sauti ipo. Kichwani haifiki. Inakwama kooni, inatoka kama mbuzi anayechinjwa. Mlinzi kaja mbio. Awadh kanishauri nikamwambie Madam ukweli. Ukweli! Nibaki kwenye tanuri lile la mlangoni? Ng'o!
Nimepata dawa. Rukiya wa usafi ana vigelegele vya kutoboa ukuta. Sauti ya juu, maneno hakuna. Tofauti iko wapi? Ajifiche nyuma ya mitende ya plastiki ya mgahawani, mimi nifumbue mdomo. Kasema vigelegele bila harusi ni kuita mkosi. Nimeapa kumfulia sare mwezi mzima. Kakubali, ananuna.

Ijumaa, 11 Septemba
Mgahawa umejaa. Mimi na kaptula ya ngozi, vazi la wachungaji wa Alps. Nikafumbua mdomo, Rukiya akaachia.
Lahaula! Nilisahau kitu ambacho hata mtoto wa kwetu anakijua: vigelegele huitikiwa. Jikoni wakaitikia. Madobi wakaitikia. Wakamiminika wanawake wa Mombasa, Tanga na Kampala, na mafagio na miko, wakiuliza nani kaolewa. Wakaiona kaptula yangu. Wakamwona Rukiya akichungulia mitendeni. Basi! Wakatufanya bwana na bibi harusi, tukazungushwa meza zote tukiimbiwa, wageni wanapiga makofi, Rukiya ananifinya mpaka mfupa.
Madam Harriet kanitaka niimbe peke yangu. Nikaimba. Mtoto wa mgeni mmoja kalia.

Jumapili, 13 Septemba
Hukumu imetoka. Rukiya kahamia ndani, atakaribisha wageni kwa vigelegele. Mimi mlangoni vile vile, tena na kaptula, eti inapendeza. Imeniuma, sifichi. Awadh ananipungia kupitia kioo. Apunge tu! Kosa si langu, ni la walioitikia.
Wiki ijayo ni zamu ya Wahispania, na ngoma yao ya kukanyaga sakafu. Nimeshamwambia Madam chimbuko lake ni Upare, tulikokanyaga udongo wa kukandika nyumba. Kucheza sijui. Lakini Zedekiya wa dobi ana miguu myepesi, na pazia la ukumbini halifiki chini. Mimi nitatoa kichwa, yeye atatoa miguu.